Taji la Ng'ombe na Hesabu ya Nyasi

Kila Septemba, katika eneo la Allgäu kusini mwa Bavaria, makundi ya mitamba hushushwa kutoka milimani hadi vijijini. Anayetangulia huvishwa taji la matawi, maua na utepe, mara nyingi likiwa na msalaba, na kioo kinachosemekana kufukuza pepo wabaya. Kengele nzito za shingoni husikika kabla kundi halijaonekana. Wageni hupiga picha, hema la bia hujaa, na hotuba kuhusu mila za kale hutolewa. Ng'ombe hawaombwi maoni.

Chini ya mapambo hayo kuna kazi kavu zaidi, nayo ni kufunga hesabu ya msimu wa malisho.

Chanzo chake ni nyasi. Katika mabonde ya Alps baridi ni ya muda mrefu, na kwa miezi kadhaa mifugo hulishwa bandani nyasi zilizokatwa na kukaushwa wakati wa joto. Ng'ombe akiachwa bondeni mwezi Julai, anakula chakula chake cha Januari. Ndiyo maana hupandishwa, aghalabu mwezi Juni, kwenye miteremko isiyofaa kwa jembe, na kukaa huko takribani siku 100 huku nyasi za bondeni zikivunwa na kuwekwa ghalani.

Malisho hayo ya juu mara nyingi ni ya pamoja, na hapo ndipo penye ugumu. Mwaka 1968 mwanabiolojia Mmarekani Garrett Hardin alidai kwamba malisho yasiyo na mwenyewe lazima yaangamie: kila mfugaji huchuma peke yake faida ya ng'ombe anayemwongeza, ilhali hasara inagawanywa kwa wote. Hoja hiyo ilipendwa sana, hasa na watu wasiofuga. Kijiji cha Törbel, katika jimbo la Valais nchini Uswisi, kilikuwa kimeshaijibu mwaka 1517 kwa kanuni moja: mtu asipeleke mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Ubora wake uko kwenye kipimo. Nyasi za mlimani ni vigumu kuzikadiria, lakini ghala la jirani linaonekana, na ukubwa wa konde lake unajulikana na kijiji kizima. Aliyezidisha alitozwa faini kali. Ng'ombe walihesabiwa mara walipopandishwa, na hesabu hiyo ndiyo iliyotumika kugawa jibini msimu ulipokwisha, kwa hiyo kila mwanakijiji alikuwa na sababu ya kuwa mkaguzi. Mwanaanthropolojia Robert Netting alikichunguza kijiji hicho kwa kina. Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliutumia ushahidi huo kuonyesha kwamba Hardin alieleza malisho yasiyo na kanuni, si malisho ya pamoja.

Sherehe ya Allgäu, iitwayo Viehscheid, ni makabidhiano. Mchungaji amekaa juu na mifugo ya watu wengi. Uwanjani kundi hutenganishwa na kila mwenye mali huchukua wake mbele ya macho ya wote. Taji nalo ni taarifa. Kwa desturi huvaliwa tu ikiwa msimu umepita bila maafa. Mnyama akiporomoka gengeni au akipigwa na radi, kundi hurudi bila taji, na kijiji kinajua kabla mchungaji hajafungua mdomo. Ni taarifa ya mwaka isiyo na dibaji ya mwenyekiti.

Siku hizi chakula cha mifugo kinaweza kununuliwa, na tarehe za kushuka hutangazwa mapema ili hoteli zijae. Mwaka 2019 UNESCO iliorodhesha uhamishaji wa mifugo wa Austria, Italia na Ugiriki kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kinachowarudisha wafugaji wengi mlimani, hata hivyo, ni ruzuku pia, kwani mteremko usiolishwa huvamiwa na vichaka. Uswisi hulipa kwa kizio kinacholingana na ng'ombe mmoja anayelishwa siku 100. Kila malisho yamewekewa idadi yake, na anayeipita kwa kiasi kikubwa hukatwa malipo. Wazee wa Törbel wangeielewa fomu ya ruzuku hiyo mara moja, ingawa wangeuliza kwa nini ina kurasa nyingi hivyo.