Kukimbia na Kukimbilia: Jinsi ya Kudumisha Ari ya Mkimbiaji Mwanagenzi

Utangulizi

Kenya ni nchi inayotambulika ulimwenguni kwa miguu ya watu wake. Kipchoge Keino alinyakua nishani ya dhahabu katika mbio za mita 1500 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka wa 1968, na tangu hapo sifa hiyo haijafifia. Mnamo tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, Eliud Kipchoge alikamilisha kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa muda huo haukuorodheshwa kuwa rekodi rasmi kwa sababu ya mazingira maalumu aliyoandaliwa. Miaka minne baadaye, marehemu Kelvin Kiptum alikimbia masafa yayo hayo jijini Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, safari hii katika mashindano rasmi. Naye Faith Kipyegon ametwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mara tatu mfululizo, katika miaka ya 2016, 2021 na 2024.

Ni kinaya, basi, kwamba katika nchi iyo hiyo mwananchi wa kawaida anayejaribu kukimbia kwa ajili ya afya na burudani aghalabu hadumu. Karani, mhadhiri au mwanafunzi anayeandika tasnifu huonekana barabarani alfajiri mwezi wa Januari, viatu vya mitumba vikiwa vimefungwa barabara. Ifikapo Machi, viatu hivyo vimekwisha kusukumwa mvunguni. Waswahili wa mijini huiita hali hii nguvu ya soda: povu jingi chupa inapofunguliwa, kisha kimya.

Hasara yake si ndogo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150. Maisha ya dawatini hayampi mtu dakika hizo. Fauka ya hayo, anayeacha mbio mwezi wa tatu huacha pamoja nazo imani kwamba mwili wake unaweza kubadilika, na kuanza upya mara ya pili huwa kugumu kuliko mara ya kwanza.

Makala haya yanadhamiria kueleza kwa nini ari ya mkimbiaji mwanagenzi hufa mapema, na namna inavyoweza kudumishwa. Hoja kuu ni kwamba anayeacha hakosi nguvu za moyo. Tatizo li katika jinsi anavyolielewa tendo lenyewe. Kitenzi kimbia kinafaa kuchunguzwa kwanza, kwani kimezaa mkimbiaji, lakini pia kimezaa mkimbizi na kimbilio. Mnyambuliko wake unadokeza mahusiano matatu kati ya mtu na mbio zake: kukimbia kitu, kukimbizwa, na kukimbilia.

Kukimbia Kitu

Katika Kiswahili, mtu hukimbia vita, hukimbia deni, hukimbia njaa. Kitenzi hicho kinapofuatwa na yambwa, maana yake ni kutoroka. Wakimbiaji wengi wapya huanza katika maana hii. Daktari amesema shinikizo la damu limepanda. Suruali ya mwaka jana haifungiki. Jamaa ametaniwa harusini kwa kitambi chake. Anaondoka nyumbani akikimbia maradhi, uzito au aibu.

Woga si sababu mbaya ya kuanza. Udhaifu wake ni kwamba haudumu. Vipimo vikipungua kidogo, woga hupoa na mbio hupoa nao. Vipimo visipopungua upesi, woga hugeuka kukata tamaa, na matokeo ni yale yale.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wamelifafanua suala hili katika nadharia inayohusu kujiamulia. Kwa mujibu wao, motisha hudumu pale mahitaji matatu ya binadamu yanapotoshelezwa: kuhisi kwamba tendo ni chaguo lake mwenyewe, kuhisi kwamba analimudu, na kuhisi kwamba ana uhusiano na watu wengine. Motisha inayotokana na shinikizo, liwe la watu au la nafsi inayojilaumu, huwa haina mizizi. Ndiyo maana anayekimbia kwa sababu ya kuchekwa huacha hata baada ya kicheko kwisha. Mbio hazikuwa zake tangu hapo.

Kwa mintarafu hii, hatua ya kwanza ya mwanagenzi ni kujiuliza ni kitu gani katika mbio zenyewe kinachompendeza. Huenda ikawa utulivu wa alfajiri kabla ya matatu kuanza kupiga honi, fikra zinazojipanga bila kulazimishwa, au usingizi mzito wa usiku unaofuata. Jibu likiwa dogo, si neno. Muhimu ni kwamba linapatikana siku ile ile ya mazoezi, ilhali afya njema na kiuno chembamba ni malipo yanayochelewa.

Kukimbizwa

Kimbiza ni kauli ya kutendesha, na anayekimbizwa hachagui kasi yake. Mkimbiaji mwanagenzi hukimbizwa na saa ya mkononi, na jirani aliyempita, na macho ya waendeshaji bodaboda kituoni, na zaidi ya yote, na picha ya mabingwa aliyoiona kwenye runinga. Kwake mbio ni kasi; lugha yenyewe inamwunga mkono, kwani kwenda mbio ni kwenda kwa haraka. Hivyo hutoka nyumbani kwa kishindo, na baada ya mita 400 amejishika kiuno akihema. Akirudia hivyo kwa siku nne, ubongo wake unajifunza jambo moja tu: kukimbia ni mateso. Hakuna hotuba ya kuhimiza inayoweza kulifuta somo hilo. Mbio za sakafuni, wahenga walinena, huishia ukingoni.

Inafaa takwimu zisaidie hapa. Kipchoge alipokuwa Vienna, kila kilomita ilimchukua takriban dakika 2 na sekunde 50. Mwanagenzi anayetumia dakika 8 kwa kilomita atamaliza kilomita 5 kwa dakika 40, na atakuwa amefanya kazi ya kweli. Kulinganisha tarakimu hizi mbili hakuna maana, kama ambavyo hakuna maana kumlinganisha mwanafunzi wa insha ya kwanza na Shaaban Robert. Jambo ambalo mashabiki wengi hawalioni kwenye runinga ni kwamba mabingwa wenyewe hawakimbii kwa kasi kila siku. Katika mji wa Iten, ulioko takriban mita 2400 juu ya usawa wa bahari, makundi ya wakimbiaji katika siku za mazoezi mepesi huanza kwa mwendo wa pole mno, miguu ikiburura kama ya watu waendao sokoni.

Njia rahisi ya kuipima kasi inayofaa ni mazungumzo. Anayekimbia huku akiweza kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi yumo katika mwendo unaomfaa. Akibaki na uwezo wa kutoa neno moja moja, na apunguze mwendo au atembee. Kutembea si kushindwa. Mnamo mwaka wa 1996, Mmarekani Josh Clark alibuni mpango wa majuma 9 kwa watu ambao hawajawahi kukimbia, wenye mazoezi ya siku 3 kwa juma. Katika juma la kwanza, baada ya kutembea kwa dakika 5, mtu hukimbia polepole kwa sekunde 60 kisha hutembea kwa sekunde 90, na kurudia hivyo kwa dakika 20. Vipindi vya kukimbia hurefushwa hatua kwa hatua hadi mtu anapofikia dakika 30 bila kusimama. Ubora wa mpango huu ni kwamba kila siku ina kazi inayowezekana, na mtu hurudi nyumbani akiwa ameshinda.

Sababu nyingine ya kwenda polepole ni mwili wenyewe. Moyo na mapafu huzoea mbio upesi kuliko kano na mifupa. Baada ya majuma machache pumzi hutosha, mkimbiaji hujiona shujaa na kuongeza masafa, kumbe goti na muundi bado havijajiandaa. Utafiti uliofanywa Groningen, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka wa 2008 uliwafuatilia wakimbiaji wapya 532 na kubainisha kwamba takriban mmoja kati ya kila watano aliumia, hata katika kundi lililoongeza mazoezi taratibu zaidi. Kwa hivyo, mwanagenzi anayepata maumivu asijihukumu kuwa hakuumbiwa mbio. Apumzike, apone, aanze tena kwa masafa mafupi. Naye mwenye maradhi ya moyo au kisukari amwone daktari kabla ya kuanza.

Mazoea Badala ya Hamasa

Hamasa ni mgeni. Huja na kuondoka bila kuaga. Asubuhi ya mvua ya masika, au juma la kusahihisha karatasi za mitihani, haitakuwepo. Kinachobaki ni mazoea. Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London (UCL) waliwachunguza watu 96 waliojaribu kujenga mazoea mapya ya kula, kunywa au kufanya mazoezi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2010, yalionyesha kwamba ilichukua wastani wa siku 66 tendo kuwa la kawaida, lakini tofauti kati ya watu zilikuwa kubwa: makadirio yalianzia siku 18 hadi 254.

Mambo mawili yanajitokeza katika utafiti huo. Kwanza, tendo jipya lilifungamanishwa na jambo ambalo tayari mtu hulifanya kila siku. Mkimbiaji anayesema atakimbia akipata nafasi hapati nafasi. Anayesema atakimbia kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mara tu baada ya kuamka na kunawa uso, viatu vikiwa vimewekwa mlangoni tangu usiku, amejipunguzia mjadala na nafsi yake. Pili, kukosa siku moja hakukuathiri sana ujenzi wa mazoea. Wengi huacha mbio kwa sababu ya kudhani kwamba siku moja iliyokosekana imebomoa kila kitu, na hivyo hugeuza siku moja kuwa mwezi. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, ila methali hiyo haikudai kwamba kamba isipumzike.

Kukimbilia

Kimbilia ni kauli ya kutendea: mbio zimepata mwelekeo. Mtoto humkimbilia mamaye. Mwenye shida hukimbilia kwa nduguye. Katika kauli hii ndimo linamotoka kimbilio, mahali pa usalama. Mkimbiaji anayedumu ni yule ambaye mbio zimeacha kuwa njia ya kutoroka na kuwa mahali anapopaendea.

Mara nyingi kimbilio hilo hujengwa na watu. Tarehe 2 Oktoba 2004, wakimbiaji 13 walikusanyika katika bustani ya Bushy Park jijini London kukimbia kilomita 5 bila kiingilio wala zawadi, kwa wito wa Paul Sinton-Hewitt. Mkusanyiko huo mdogo ulikuja kuenea katika nchi nyingi kwa jina la parkrun, na anayemaliza mwisho hupokelewa kama aliyemaliza wa kwanza. Siri yake haihitaji fedha. Wanafunzi watatu wa bweni moja wanaokubaliana kukutana langoni saa kumi na mbili asubuhi wamepata kitu icho hicho: ni vigumu kubaki kitandani mtu akijua mwenzake anasubiri kwenye baridi. Kwa wanawake, ambao hulazimika kuhofia vichochoro na giza zaidi ya wanaume, kundi pia ni ulinzi.

Mahali nako kuna uzito wake. Msitu wa Karura jijini Nairobi, ambamo Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miti kupinga unyakuzi wa ardhi, leo una vijia vinavyotumiwa na wakimbiaji wa kila umri. Asiye karibu na Karura ana uwanja wa shule, barabara ya vumbi ya kijijini au mzunguko wa chuo chake. Njia isiyo na magari mengi wala mbwa wakali huondoa sababu kadhaa za kughairi.

Hatimaye, anayekimbilia huhitaji lengo linaloonekana. Mashindano ya Lewa, yaliyoanza mwaka wa 2000, na ya Nairobi, yaliyoanza mwaka wa 2003, yamewavutia wananchi wa kawaida pamoja na wanariadha wa kulipwa. Lengo la mwanagenzi katika mashindano kama hayo liwe kumaliza, wala si kumshinda yeyote. Kabla ya hapo, daftari dogo linatosha: tarehe, dakika alizokimbia, na neno moja kuhusu alivyojisikia. Baada ya majuma manane, daftari hilo litamwonyesha kwamba mlima uliomsimamisha mara tatu sasa anaupanda akizungumza, jambo ambalo kioo na mizani huchelewa kulionyesha.

Hitimisho

Imebainika kwamba ari ya mkimbiaji mwanagenzi hufa anapokimbia kwa woga, anapokimbizwa na kasi isiyo yake, na anapoitegemea hamasa badala ya mazoea. Hudumu anapoanza polepole kiasi cha kuweza kuzungumza, anapotenga siku na saa maalumu, anapokuwa na wenzake, na anapotafuta katika mbio jambo la kumfurahisha leo. Mwenye kutaka kuanza haitaji kungoja Januari. Jumanne ijayo, sekunde 60 za kukimbia na 90 za kutembea, kwa dakika 20, zinamtosha.