Tukishaomba Mvua, Tuiwekee Nafasi

Mnamo 14 Februari 2023, viongozi wa nchi na wa dini walikutana Nakuru kuomba mvua, baada ya maeneo kame kukosa mvua ya kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Mwaka uliofuata, masika yaliandamana na mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 280 nchini. Tarehe 10 Mei 2024 ikatangazwa sikukuu ya kuwakumbuka waliofariki kwa kupanda miti.

Mvua ilikosekana, kisha ikazidi. Je, imani ina kazi gani hapa, zaidi ya maombi?

Mti wa Mungu

Jambo hili si geni kwetu Kiambu. Wazee wa Agikuyu waliomba mvua chini ya mugumo, na ilikuwa mwiko kuukata. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kwao Nyeri, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Hapo palikuwa na kijito. Miaka baadaye alikuta mti umekatwa kupisha shamba la chai na kijito kimekauka. Mwiko ule ulikuwa ukilinda maji.

Dini nyingine zina mafundisho kama hayo. Mwaka 2015 Papa Francis aliandika waraka wa Laudato Si' kuhusu kutunza dunia. Waislamu hufundishwa kuwa mti ukiliwa na mtu, ndege au mnyama, aliyeupanda huandikiwa sadaka.

Paa, ua na watu

Mtaa kama Membley unapojaa nyumba na kabro, maji ya mvua hukosa pa kuzama. Hukimbilia barabarani, kisha kwa jirani aliye bondeni. Nyumba ya ibada ina paa kubwa, ua, na watu wanaokutana kila wiki. Inaweza kufanya haya:

- Kuvuna maji. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 400 likipata milimita 20 hutoa takriban lita 8,000, karibu kujaza tangi la lita 10,000.
- Kuacha sehemu ya ua bila kabro ili maji yazame.
- Kupanda miti ya kiasili mvua inapoanza, na kukabidhi kila mche kwa kikundi cha vijana, akina mama au wanafunzi wa madrasa. Miche mingi hufa kiangazi cha kwanza kwa kukosa wa kuimwagilia.

Chini ya mpango wa kitaifa wa FLLoCA, kamati za wadi za mabadiliko ya tabianchi hupendekeza miradi inayohitajika mashinani. Waumini, hudhurieni mikutano yake. Ulizeni kwa msimamizi wa wadi yenu.

Msimu ujao, tukiomba mvua, tangi liwe tayari.