Sura ya Tano: Salim na Rajabu Wanaanguka

Njia rahisi ya kutunga fumbo la taroti ni kuchukua majina ya turufu, kuyatawanya ndani ya mraba wa herufi na kumwambia msomaji ayatafute. Litapendeza machoni, litachosha upesi. Ukiyatoa majina hayo ukaweka ya samaki, hakuna kitakachoharibika. Kipimo changu ni hicho: karata ikiondolewa, fumbo livunjike.

Malighafi si haba. Seti ya taroti ina karata 78: turufu 22, na 56 zilizogawanywa katika aina nne, yaani vikombe, sarafu, panga na fimbo. Zilianza kuchezwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, mchezo wa turufu tu; mambo ya ramli yalishika kasi Ufaransa katika karne ya 18. Kwa hiyo anayeogopa uganga na atulie. Picha zinazojulikana zaidi leo zilichorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, zikatolewa London mwaka 1909. Mtunzi wa mafumbo anazihitaji picha hizo kuliko utabiri wowote.

Tazama karata ya 16, Mnara. Radi imepiga kileleni, moto unatoka madirishani, watu wawili wanaporomoka. Sasa soma dokezo hili: "Radi imepiga, Salim na Rajabu wanaanguka. Kutoka wapi?" Anayezijua karata ataukumbuka mnara. Asiyezijua ataupata vilevile, maana umo ndani ya majina yao: anza na herufi ya mwisho ya Salim, malizia na ya pili ya Rajabu. Njia mbili, jibu moja, na wale wawili wa pichani wamepewa kazi.

Dokezo la namna hii hutungwa kinyumenyume. Unalishika jibu, unalikata vipande, kisha unasaka maneno yatakayovibeba bila kushtukiwa. Nyota inajificha katika "alikata kikonyo taratibu", Haki katika "alifurahisha kila mteja". Kiufundi sentensi hizo hazina kasoro, ila hazijaigusa picha, kwa hiyo zinakaa daftarini zikisubiri.

Maneno yanayokatana yana ugumu wake. Arthur Wynne alipochapisha fumbo lake katika gazeti la New York World mwaka 1913, alikuwa na lugha yenye maneno mengi yanayoishia kwa konsonanti. Yetu karibu yote huishia kwa irabu. Ukijaza mraba mzima ili kila herufi ihudumie neno la mlalo na la wima, mstari wa chini utakuwa irabu tupu. Kwa herufi tatu utajiokoa na "aua". Kwa tano, sijui utamwita nani. Dawa ni kuandika silabi moja katika kila kijumba. Laza GU-RU-DU-MU. Teremsha DU-NI-A kutoka kwenye DU, na HU-KU-MU ishuke kutoka juu hadi itue kwenye MU. Umeshaunganisha turufu ya 10, ya 20 na ya 21, na fumbo ndiyo kwanza linaanza. Italo Calvino alifanya jambo la jamaa hiyo kwa hadithi nzima: katika kitabu chake cha mwaka 1973, wasafiri waliopoteza sauti wanasimulia kwa kupanga karata mezani, na karata moja huingia katika kisa cha zaidi ya mtu mmoja.

Ukitumia namba, taja seti yako. Katika karata za Marseille, Haki ni ya 8 na Nguvu ya 11, Waite alizibadilishia namba. Msomaji mwenye seti nyingine atakwama bila kosa lake.

Kuna pia ngazi ya maneno, mchezo ambao Lewis Carroll aliupeleka katika jarida la Vanity Fair mwaka 1879: badilisha herufi moja kila hatua. Panda kutoka Haki hadi Kifo: HAKI, HATI, KATI, KITI, KITO, KIFO. Sasa rudi kwenye Haki ilivyochorwa na Smith. Mwenye mizani yuko kati ya nguzo mbili, amekaa kitini, taji lake lina kito. Madokezo matatu yamekwisha kuchorwa. Hati tu ndiyo haimo pichani, na inaniudhi.