Waraka Uliomtikisa Kamuzu Banda

Tarehe 8 Machi 1992, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, Wakatoliki wa Malawi walisomewa waraka wa maaskofu wao katika parokia zote. Ulitaja shule zilizofurika watoto, huduma duni za afya, rushwa, haki inayokosekana mahakamani na woga wa kusema. Waumini waliyajua yote hayo. Lililokuwa geni ni kuyasikia hadharani, yakitoka mimbarini.

Dk. Hastings Kamuzu Banda alikuwa rais wa maisha tangu 1971. Chama kilikuwa kimoja, na asiyekuwa na kadi yake aliweza kuzuiwa mlangoni mwa soko au kuteremshwa kwenye basi. Nguzo za taifa zilikuwa nne: umoja, uaminifu, utii na nidhamu. Haki haikuwa miongoni mwake.

Maaskofu hao, wakiongozwa na Askofu Mkuu James Chiona wa Blantyre, walichapa nakala 16,000 kwa siri. Hoja yao iliegemea mafundisho ya Kanisa, hasa yale yaliyowekwa wazi na Papa Yohane XXIII mwaka 1963 katika waraka wake Pacem in Terris: mtu ana haki kwa sababu ni mtu. Serikali haimgawii haki hizo. Ipo ili izilinde na kusimamia manufaa ya wote. Ikizikanyaga, amri zake zinapoteza nguvu ya kuidai dhamiri ya raia.

Haki itendeke, Kanisa lenyewe lilichelewa kufika hapo. Mwaka 1832 Papa Gregori XVI alilaani uhuru wa dhamiri, na uhuru wa dini ulikubaliwa rasmi na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwezi Desemba 1965 tu. Kwa hiyo maaskofu wa Malawi walikuwa wakiidai serikali kile ambacho Kanisa lao lilikikataa kwa muda mrefu. Hilo haliwapunguzii hoja. Linaonyesha tu kwamba fundisho lilikomaa kwa kusuguana na historia.

Serikali ilijibu kwa hasira. Waraka ulitangazwa kuwa wa uchochezi, maaskofu wakahojiwa na polisi, na ndani ya chama tawala yakazungumzwa mambo ya kuwaua. Monsinyori John Roche, raia wa Ireland aliyesimamia Jimbo la Mzuzu, alifukuzwa nchini. Kiwanda cha uchapaji cha Balaka, kilichochapa waraka huo, kilichomwa moto.

Lakini maneno yalikwisha kutoka. Wanafunzi waliandamana, wafadhili wakasitisha misaada, na tarehe 14 Juni 1993 zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura walichagua mfumo wa vyama vingi. Mwaka uliofuata Bakili Muluzi, Mwislamu, alimshinda Banda.

Wanaodai kwamba maaskofu waliingilia siasa wausome waraka wenyewe: haukumpigia debe mgombea yeyote, wala haukumtaka Banda ang'oke.