Ulimbo Kwenye Siti ya Gari: Msitumie Petroli



Msimu wa mafenesi ukifika, magari yanayopita Segera na Korogwe hubeba abiria pamoja na mafenesi yao. Fenesi likipasuka njiani, ulimbo hushika kitambaa cha siti. Hapo ugomvi huanza.

"Mama, umenichafulia siti ya tajiri!"

"Nisamehe mwanangu, mbona nililifunga vizuri?"

Mara hutokea mtu mwenye kidumu. Anasema, "Lete petroli kidogo, utatoka sasa hivi." Ni kweli petroli hutoa ulimbo. Lakini mtu huyo msimkubalie. Sababu nitaieleza, kwanza tuuelewe ulimbo wenyewe.

Ulimbo hutoka kwenye fenesi ukiwa kama maziwa. Ukipata hewa hugeuka, unanata na kuvutika. Watoto wetu wanaujua, huutegea ndege. Maji hayauyeyushi, hata ukisugua kutwa. Kinachouweza ni mafuta. Akina mama wa huku hawakusubiri mwalimu awaambie hayo: kabla ya kupasua fenesi hupaka mafuta mikononi na kwenye kisu. Gundi nyingi za dukani, kama ile ya utepe wa plastiki au ya picha za kubandika, nazo hulegea kwa mafuta.

Sasa petroli. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata wakati wa baridi kali. Mvuke huo hauonekani, tena ni mzito kuliko hewa. Ndani ya gari hushuka chini, ukakaa sakafuni. Cheche moja ya swichi au sigara inatosha. Sponji ya siti nayo ikishika moto hutoa moshi wenye sumu. Mnakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli, moto ukalipuka. Walikufa watu zaidi ya 100. Pale ilikuwa nje, peupe. Ndani ya gari mvuke hauna pa kwenda.

Wengine watasema, basi tutumie mafuta ya taa. Hayo ni afadhali kidogo tu. Yakifika joto la kama nyuzi 40 nayo huanza kutoa mvuke wa kuwaka, na siti ya gari lililoanikwa juani hupita joto hilo. Halafu harufu yake haitoki upesi.

Fanya hivi. Weka gari kivulini, fungua milango yote. Kwanza ugandishe ulimbo. Chukua chupa ya maji iliyoganda barafu, ifunge kwa kitambaa kikavu, igandamize juu ya ulimbo kwa robo saa. Ukishakuwa mgumu, ukwangue kwa ukingo wa kijiko. Usitumie kisu kikali, utachana kitambaa. Bazoka ya watoto nayo hutoka kwa njia hii hii. Maji ya moto au pasi usiguse kabisa, maana ulimbo utalainika na kuzama kwenye nyuzi.

Utakaobaki upake mafuta ya kula, matone machache tu, kwa kitambaa cheupe. Lakini jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama chini ya siti. Kitambaa cheupe kikitoka na rangi ya siti, acha. Kama rangi haitoki, endelea: subiri dakika kumi, kisha futa kutoka pembeni kwenda katikati, ili doa lisienee. Rudia mpaka kidole kisinate.

Kama huna mafuta, huku kwetu tuna machungwa. Mafuta yamo kwenye ganda, siyo kwenye maji yake matamu. Kunja kipande cha ganda karibu na mshumaa ukikamua, utaona vicheche. Hayo ndiyo mafuta yenyewe, nayo hulegeza gundi vizuri. Sugua upande wa nje wa ganda kwenye doa. Vicheche hivyo vikukumbushe pia: usivute sigara ukiwa kazini.

Ulimbo ukitoka, mafuta hubaki, na mafuta hushika vumbi. Hapa ndipo sabuni inapohitajika. Sabuni hushika mafuta upande mmoja na maji upande wa pili, ikayaondoa yote pamoja. Koroga sabuni ya kufulia kwenye maji vuguvugu, chota povu tu, sugua kwa mswaki mkuukuu. Kisha futa kwa kitambaa kilicholowa maji safi. Usimwage ndoo, sponji itanyonya maji na kuoza.

Siti huwahi kukauka juu wakati ndani bado kuna maji. Tandika kitambaa kikavu, ukalie dakika moja. Kikilowa, acha madirisha wazi mpaka kesho yake.