Fidia ya Kaboni katika Usafirishaji wa Bidhaa: Maana na Mipaka Yake

Neno fidia ni la zamani katika Kiswahili. Asili yake ni Kiarabu, nalo hutaja malipo ya kumkomboa mtu, au yale anayopewa aliyepata hasara kwa kosa la mwingine. Katika miaka ya karibuni neno hili limepewa kazi mpya: makampuni husema kwamba yanafidia hewa ya kaboni itokayo katika meli, ndege na malori yanayobeba bidhaa zao. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo linavyofanyika, na kupima kama neno linalingana na tendo.

Hatua ya kwanza ni hesabu. Uzito wa mzigo kwa tani huzidishwa kwa umbali wa safari kwa kilomita. Kisha jibu huzidishwa kwa kiasi cha hewa ambacho chombo hutoa kwa kubeba tani moja mwendo wa kilomita moja. Tuchukue mfano wa lori lenye tani 30 za shaba, litokalo Lubumbashi kwenda bandari ya Dar es Salaam, safari ya kilomita 2,000 hivi. Tukikadiria gramu 100 kwa kila tani na kila kilomita, lori hilo litatoa tani 6 za kaboni. Meli ya makontena hutoa kidogo zaidi kwa kila tani, na ndege hutoa nyingi mno. Hata hivyo meli ni nyingi: kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, mwaka 2018 vyombo vya majini vilitoa karibu asilimia 2.9 ya hewa ya namna hiyo iliyotokana na shughuli za binadamu.

Hatua ya pili ni ununuzi. Kampuni hununua hati za kaboni, ambazo kila moja husimamia tani 1 iliyozuiwa kuingia angani au iliyoondolewa humo. Hati ikishatumiwa hufutwa daftarini, isije ikauzwa mara ya pili. Mwaka 2019 kampuni ya Etsy ya Marekani, yenye soko katika intaneti, ilitangaza kufidia usafirishaji wa vifurushi vyote vinunuliwavyo humo, kwa gharama isiyofikia senti 1 kwa kila kifurushi.

Hati hizo hutoka wapi? Baadhi hutoka kwetu Kongo. Katika jimbo la Mai-Ndombe, mradi ulioanzishwa mwaka 2011 unalinda takriban hekta 300,000 za msitu ambao hapo awali ulikuwa umetengwa kwa ajili ya ukataji wa mbao. Hoja yake ni hii: kama si mradi, miti ingalikatwa na kaboni yake ingalipanda angani.

Hapo ndipo penye ugumu. Hati huwa na thamani endapo msitu ungalikatwa kweli, endapo ukataji haukuhamia msitu jirani, na endapo miti itadumu miaka mingi. Sharti la kwanza halipimiki kwa macho, kwa kuwa linahusu jambo ambalo halikutokea. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2023 ulichunguza miradi 26 ya misitu katika nchi 6, zikiwamo Kongo, Tanzania na Zambia. Ulionyesha kuwa mingi haikupunguza ukataji kwa kiasi cha kuonekana wazi, na iliyopunguza ilifanya hivyo kwa kiwango cha chini sana kuliko kilichodaiwa.

Basi tukirudi kwenye neno letu, tunaona pengo. Katika fidia ya desturi, mlipaji humjua aliyemdhuru, na malipo humfikia huyo. Katika fidia ya kaboni, moshi hutoka barabarani na baharini, malipo huenda msituni, na mwenye kudhurika na ukame au mafuriko huenda asipate kitu. Aidha, mwanakijiji wa Mai-Ndombe huombwa kubadili kilimo chake ili kifurushi cha mbali kiitwe safi. Ni haki yake kujua hati iliuzwa kwa bei gani, na sehemu yake ni ipi.

Kwa hiyo, fidia haifuti moshi uliokwisha kutolewa. Yafaa ije baada ya kupunguza: kuacha ndege pale meli inapotosha, kujaza malori vyema, na kubadili mafuta. Msomaji akikuta kampuni ikijisifu kwa neno hili, na aulize kwanza imepunguza nini, kisha imemlipa nani.