Programu Haiji Peke Yake

Mwalimu wa kijijini, mkoani Shinyanga, ana kompyuta ya shule inayotumia mfumo wa Debian, nayo haijaunganishwa na intaneti. Huenda mjini, akapakua kifurushi cha LibreOffice Writer, ndugu wa ile Jambo OpenOffice iliyotolewa kwa Kiswahili na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Akirudi, kifurushi chafunguka, lakini programu haiendi.

Sababu ni kwamba kazi zinazohitajiwa na programu nyingi, kama kuchora herufi kwenye kioo, huwekwa katika maktaba za pamoja, ambazo ni vifurushi vya peke yake. Kasoro ikirekebishwa humo, programu zote hunufaika. Lakini kila kifurushi hutegemea vingine, navyo vingine tena. Wachambuaji wa pamba wanalijua jambo hili: mkanda ukikosekana, kinu kizima husimama.

Chombo kiitwacho dpkg hutaja upungufu tu. Apt, iliyotoka na Debian 2.1 mwaka 1999, hukokotoa mnyororo wote na kuuleta, ila kwa kawaida huhitaji mtandao. Hata hivyo, amri hii huiandikisha anwani za vifurushi vinavyopungua:

apt-get --print-uris install libreoffice-writer

Amri hiyo sharti itolewe kwenye kompyuta ya shule yenyewe, kwani ya mjini ina maktaba nyingine, na orodha yake ya vifurushi iwe ya karibuni. Vikipatikana vyote, dpkg huviweka kwa pamoja.